Barafu Kavu Chumbani kwa Mwali

Nyumbani siku ile tulikuwa watano: mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akiolewa, mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, mama mdogo, aliyetushika mkono tangu wazazi wetu walipofariki, somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, mama mtu mzima aliyekuja kwa treni kutoka Igalula, na mimi, mkubwa wao, niliyeacha shule kidato cha pili ili hao wawili wasome. Majirani walikuja baadaye, waliposikia kelele.

Nilikuwa nimetoka Mwanza na deli, lile kasha la kutunzia baridi, lenye vipande vya barafu kavu. Ndiyo inayotoa ule moshi mweupe unaotambaa sakafuni maharusi wakiingia ukumbini. Mdogo wangu aliuona kwenye harusi ya mwenzake na akauwaza mwaka mzima, nami nilimwahidi.

Fundi aliyeniuzia alinipa masharti matatu. Nisiishike kwa mkono mtupu, maana inaunguza kama pasi. Nisiubane mfuniko, maana hewa ikikosa pa kutokea deli litapasuka. Na nisiiweke kwenye chumba kilichofungwa chenye watu. "Hii haiwi maji," alisema. "Inageuka hewa ya ukaa, nzito, inakaa chini. Huioni, huinusi. Mtu analala nayo haamki."

Ndani ya basi nilikaa dirishani, nikaliacha wazi.

"Kaka, funga, vumbi linatuua," mama mmoja nyuma yangu alisema.

"Halifungwi hili, mama."

"Limeharibika?"

"Ni zima kabisa. Ila halifungwi."

"Haya, endelea kutupaka unga. Tutashuka Tabora weupe kama maharusi."

Watu walicheka. Mimi sikuweza hata kutabasamu. Tulipofika Nzega niliinua mfuniko, nikaona vipande vimepungua pembe zote. Hakuna tone la maji, ila vimepungua. Kuanzia hapo sikutulia tena. Kila basi liliposimama kupakia mtu niliona ahadi yangu ikipotea hewani.

Nilifika nyumbani Tabora saa saba mchana. Ukumbi ulikuwa unafunguliwa saa kumi. Uani jua lilikuwa kali, na kivuli cha ukuta hakikutosha hata ndoo.

"Lete huku," mama mdogo aliita kutoka chumba cha mwali. "Humu ndimo kuna ubaridi."

Mdogo wangu alikuwa amewekwa ndani siku ya nne, kama desturi yetu. Kuta ni nene, za tofali za udongo. Dirisha lilifungwa na kutundikwa kanga, mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, naye alikaa chini kwenye mkeka huku somo akimfukiza udi. Mwanaume haingii. Nililisukuma deli hadi kizingitini, mama mdogo akalivuta ndani.

Somo alichungulia. "Mwanangu, hicho kitu hakina neno?"

"Shikamoo, somo. Hakina. Msikishike tu, kinaunguza, wala msibane mfuniko."

"Marahaba. Barafu inaunguza! Vijana wa leo mna mambo."

Sharti la tatu sikulisema. Nilijua nikilisema deli litarudi juani, na jioni mdogo wangu ataingia ukumbini bila kitu. Nikajiambia ni nusu saa tu, nikamtafute mwenye funguo za ukumbi.

Sikumpata. Nilikwenda ukumbini mara mbili, nikarudi mara mbili. Nilizunguka uani, nikakaa, nikainuka. Ndani walikuwa wanaimba na kucheka, na kila nilipowasikia nilipumua. Kisha mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa anapiga pasi barazani, akaniuliza, "Kaka, mbona wamenyamaza?"

Nilikimbia mlangoni. Kabla sijaugonga, komeo lilivutwa. Somo alitoka kinyumenyume, akimburuta mdogo wangu kwa makwapa. Miguu yake iliyochorwa hina ilikuwa inafuata kama ya mtu aliyelala. Mama mdogo alikuja nyuma kwa magoti, akatapika kizingitini.

Tulimlaza barazani, mahali penye upepo. Alikuwa anahema kama aliyekimbizwa, midomo imebadilika rangi. Nilimwita kwa jina alilopewa na mama, ambalo nyumbani pekee tunalitumia. Sijui nilimwita mara ngapi. Hatimaye alifumbua macho, akasema kichwa kinapasuka.

Kumbe mama mdogo, kwa kumwona mwali ameloa jasho, alikuwa amemimina maji ya birika ndani ya deli. "Nilitaka aone moshi wake kabla ya wageni," alisema. Ulimwagika mkekani, wakacheka, wakauchezea kwa mikono. Wao wawili walikuwa wamekaa chini. Somo alikuwa amesimama.

Jirani mmoja alisema, "Ni udi huo. Umechanganywa na nini?"

"Nimewafukiza mabinti miaka yote kwa udi huuhuu," somo alijibu. "Na nilipoinama kuongeza, nikakuta makaa ya chetezo yanazima yenyewe. Moshi wa udi utoke wapi?"

Mimi nililielewa neno lile la makaa. Penye hewa ile moto haukai, na mtu hakai. Mama mdogo akanigeukia. "Au ni hiyo barafu yako?"

Watu wote waliniangalia. Nilisema, "Hapana. Ni barafu tu."

Somo alinitazama kidogo, bila hasira. Akafunga udi wake kwenye upande wa kanga, akaondoka kabla ya chakula. Hakuna aliyemsindikiza.

Jioni nilipeleka kilichobaki ukumbini na kufungua madirisha yote. Moshi ulitambaa, wanawake wakapiga vigelegele, mdogo wangu akapita katikati yake akiwa bado amejishika kwenye mkono wa mumewe. Nilisimama karibu na mlango nikihesabu pumzi zake.

Ilinichukua mwaka kumwambia mdogo wangu ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, mtoto wake mgongoni. "Kaka, mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini aliyenitoa mle ndani si wewe. Umemwambia yeye?"

Somo haitwi tena kwenye harusi. Wenye mabinti wanasema udi wake una kitu. Nimefika Igalula mara mbili. Mara ya kwanza sikushuka kwenye treni. Mara ya pili nilimkuta akipepeta karanga uani kwake, nikamwamkia, akaitika, akamuulizia mwali wake, akafurahi kusikia ana mtoto. Nilisema mbele yake peke yake kwamba ilikuwa barafu.

"Nilijua," alisema, akiendelea kupepeta. "Ila uliniangusha mbele ya watu, mwanangu. Huku uani nani amekusikia?"

Majirani walewale bado wapo mtaani kwetu. Tunaamkiana kila asubuhi, na bado sijawaambia.