Ngoma Zetu Zimenyimwa Moto

Jamani, leo serikali imegharimia sikukuu ya ngoma hapa Ifakara, na ngoma hazikulia!

Fedha zote ziliishia kwenye kibanda cha wageni wakubwa. Sisi wa kijiji cha Mofu tukaachwa uwanjani, tukanyeshewa.

Ngozi za ngoma zikalowa. Tukawasha moto tuzikaushe.

Karani wa boma akaja mbio. "Zimeni! Moshi utamfikia Bwana DC."

Mjomba wangu, mpigaji wetu, akamsihi: "Bwana karani, ngoma ikilowa hailii."

"Basi pigeni kwa nguvu."

Eti tupige kwa nguvu! Haya, tukazima moto, tukapiga. Ilikuwa kama kutwanga magunia ya mpunga.

Wakubwa wakatucheka.

Na nyuma ya kibanda chao moto uliwaka tangu asubuhi, moshi tele.

Walikuwa wanachemshiwa chai.