Tablo ya Mji Nisioujua

Mimi nachora miji. Si milima, si sokwe, si ziwa jua likizama. Hayo wachukue wengine. Nachora barabara za Goma, mabati, nyaya za umeme, vibao vya saluni, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imepakia makala ya kupikia hadi inalia. Miaka yote watu waliniuliza: "Sasa vumbi hilo nani atanunua?" Wageni walinunua, tena sana! Halafu vita vikasogea, wageni wakafunga mizigo, nikabaki na kitambaa kimoja kikubwa cha kuchorea, cha mwisho, na nafasi moja kwenye maonyesho ya Bukavu. Tablo yangu, mchoro wa kitambaa hicho, ilitakiwa kupanda boti ya Jumamosi asubuhi. Nikiikosa, narudi kupaka rangi milango ya maduka, na nilishaapa sirudi.

Shule iliyo nyuma ya atelye yangu, chumba changu cha kuchorea, ilikuwa imejaa badeplase wa upande wa Rutshuru, watu waliokimbia na magodoro kichwani. Nilichorea uani, maana ndani ni giza. Nilikuwa nimepiga mstari wa barabara na paa moja tu, mama mmoja akaja kusimama mgongoni mwangu, anatafuna mahindi ya kuchoma. Alikuwa muuza maharage wa mji wa Kiwanja.

"Papa, hapo ni kwetu?"

"Hapana mama, ni Goma."

"Goma gani! Barabara ya Goma inapinda hivyo? Hapo ni kwetu. Weka famasi hapo kwa kona."

Sijui nini kilinipata. Nikaweka famasi. Loo, ningejua! Kufumba na kufumbua, uani pamejaa watu.

"Famasi si ya bluu, ni ya kijani!"

"Wewe famasi uliiona lini, mutu wa kujitibu na majani?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Fundi cherehani akataka mlango wake utazame barabara. Muzee mmoja muuza misumari akakataa katakata, eti tangu lini? Nami, ambaye Kiwanja sijawahi kukanyaga, nafuta, narudia kwa raha. Maisha yangu yote sikuwahi kuchora hivyo! Nilikuwa nalala nikiomba kupambazuke upesi.

Mvua ikaja, paa la atelye likavuja, wakaibeba tablo wenyewe na kuitundika kwenye darasa walimolala. Ndipo maneno yakaanza. Ijumaa mama wa maharage akaniambia wazi: "Bukavu? Haiendi. Huo mji tumeuacha mara moja, hatuuachi mara ya pili."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kitambaa ni changu, rangi ni yangu, jasho ni langu.

"Na mji ni wa nani?" akauliza.

Nikaondoka bila kuaga, nimevimba kama mandazi.

Jumamosi asubuhi nikaenda na kamba, roho juu juu, tayari kwa ugomvi. Nikasukuma mlango wa darasa, nikakata moja kwa moja kuelekea ukutani.

"Weee, papa! Unapita ndani ya nyumba ya watu!"

Nikasimama, mguu mmoja hewani. Alikuwa fundi cherehani, amekaa kwenye godoro lake. "Pita barabarani," akasema, akanionyesha kwa kidole.

Nikatazama chini. Usiku walikuwa wamehamisha magodoro yote! Katikati ya darasa wameacha njia, nayo inapinda palepale inapopinda kwenye tablo. Kwenye kona, mwenye famasi na watoto wake. Anayefuata ni fundi, na mbele yake, ng'ambo ya barabara, muzee wa misumari, kisha godoro la mama wa maharage. Kila familia imelala na majirani zake wa siku zote. Hata wale ambao hakuna anayejua walikimbilia wapi, nafasi zao zimeachwa wazi, zimefagiliwa.

Nikaangusha kamba. Machozi yalinitoka, siwafichi. Nikasema basi, ibaki. Maonyesho yatakuja mengine.

"Ibaki ya nini?" Mama wa maharage alikuwa juu ya benchi, anaishusha tablo ukutani. "Boti inapiga honi, wewe unalia! Beba, uende. Waonyeshe watu wa Bukavu mji wetu."

"Lakini mama, jana ulisema..."

"Jana nilikuwa sijahamia."

Nikajitwika tablo kichwani. Nikapita barabarani kwa adabu, nikiwaamkia watu kushoto na kulia, na nilipofika mlangoni nikaanza kukimbia.