Upote wa Upinde wa Baba

Harufu ya nta ya nyuki kwa fundi viatu wa Makole hunirudisha asubuhi ile nyani walipovamia mtama wetu. Baba alishika upinde. Upote wake, kamba ya kuvutia mshale iliyosokotwa kwa kano za ng'ombe, ulikuwa umelika.

"Baba, usivute! Utakatika."

"Niliupaka nta jana," baba mdogo, aliyesimama kando yake, alidakia. "Tangu lini binti akajua upinde?"

Iwekwe sawa: hakuupaka. Nilikuwapo siku nzima.

Baba alivuta. Upote ulikatika, ukamchapa jichoni.

"Huyu alikuwa akiuchezea!" baba mdogo akasema upesi.

Baba, kiganja kikiwa jichoni, alivipapasa vipande viwili, vikavu kama majani, bila chembe ya nta. Hakumtazama ndugu yake.

"Binti yangu, keti hapa," alisema. "Usokote mwingine."