Koti la Mbwa Mwenye Kifua

Watu wengi waliilalamikia lokdauni. Mimi nilipoambiwa nisitoke nyumbani, nilishukuru kama niliyepandishwa cheo. Kukaa ndani ndicho kipaji pekee nilichojaliwa. Shida ilikuwa mbwa wangu. Alikuwa mbwa wa mbio aliyestaafu, mzee, kifua kama pipa, kiuno kama cha nyigu, mwilini hana mafuta hata ya kukaangia yai. Baridi ya Granville, mtaa wetu huku ughaibuni, ilipokaza, akagoma kutoka. Anafika mlangoni, ananusa upepo, anarudi kwenye godoro lake akitetemeka, mkojo kaubana mchana kutwa.

Daktari wa wanyama aliniambia kwenye simu kwamba kwa umri ule, akiendelea kubana hivyo ataugua, na huenda nisiwe naye majira ya joto yakirudi. "Mtafutie koti," akasema.

Maduka yamefungwa, nikaagiza mtandaoni. Vipimo nilichukua kwa elimu ya mitumbani: suruali ukiizungusha shingoni ikakutana, kiunoni itakutosha. Nikampima mbwa shingo, nikazidisha mara mbili, nikajipongeza. Koti lilipofika, mgongoni lilikaa. Kifuani mikanda haikukaribiana hata kusalimiana. Nikamtoa hivyo hivyo uani, nikimsukuma.

Ng'ambo ya uzio, jirani yangu, mama wa Kizaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, anayeshona mapazia na madera nyumbani kwake, alikuwa anaanika nguo. Alicheka hadi vibanio vikamtoka mdomoni.

"Mtani! Umemvisha sidiria?"

"Koti, mama. Nilimpima shingo."

"Shingo! Ndiyo maana nyie Wanyamwezi mlipewa kubeba mizigo. Kazi ya kupima nani angewapa?"

"Na nyie mliokuwa mnatusubiri pwani na ngoma, mlipewa kazi gani?"

"Ya kuwacheka. Ngoja."

Akaingia ndani, akarudi na uzi wa sufu, akaurusha upande wangu. "Mimi simgusi, bado nina udhu. Ila kushona nitashona, baridi haina dini. Zungusha nyuma ya miguu ya mbele, pale kifua kinapoteremka chini kabisa. Ukikutana, piga fundo. Legeza basi, mwache apumue! Sasa mgongo. Sasa tumbo, mbali na kifua, usichanganye."

Nikapiga mafundo. Mbwa akasimama kwa subira ya bwana harusi. Kwa ajili ya mbwa yeye hakusogea, kwa ajili ya korona sikusogea mimi; hatukuwahi kuelewana vizuri namna ile.

Nikamrushia uzi wake, na kesho yake koti jipya lilivuka uzio likining'inia kwenye mpini wa ufagio: blanketi kuukuu ndani, kitenge cha mananasi juu, kifua kipana, tumbo limebanwa. Nikamvisha. Mikanda ikafika. Nikafungua mlango.

Alinusa upepo. Aliniangalia, nami nikaangalia pembeni nisimharakishe. Kisha akashuka ngazi, akavuka majani yenye umande, akainua mguu kwenye nguzo ya uzio na kukojoa. Alikojoa kirefu, nami nikasikiliza kama niliyelipia kiti cha mbele.

"Alhamdulillahi!" sauti ikatoka dirishani kwa jirani. "Lakini nguzo hiyo ni yangu!"

Nilitaka kumshukuru vizuri. Nikaishia kumwambia mishono yake imekwenda upogo.

"Upogo ni macho yako," akajibu, lakini hakuondoka dirishani mpaka mbwa alipomaliza.