Tikiti ya Familia

Mtaani walimwita Mama Pacha, na jina hilo alilitolea jasho. Mchana alishona mashuka ya hospitali kwenye chumba kisicho na dirisha, jioni akarudi kulea wasichana wake wawili peke yake. Baba yao, dereva wa lori la kiwandani, alihamia kwa mke mdogo pacha wakiwa hawajaota hata meno. Talaka hakutoa, kurudi hakurudi.

Pacha walipofika darasa la nne, kiwanda kilimpa dereva tikiti ya familia ya kutembelea vivutio vya jiji: baba, mama na watoto. Akataka kwenda na mke mdogo. Pacha wakagoma, bila mama hawaendi. Dereva akapiga simu shingo upande.

"Basi njoo na wewe. Nitakulipia mlangoni."

Mama Pacha akavaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akaenda. Hakuwa na hamu ya minara wala samaki. Alichotaka ni kimoja: watoto waingie mahali, mbele ya macho ya watu, na yeye ndiye mama yao.

Kwenye mnara, mke mdogo alishapita mlangoni zamani kwa nafasi ya mama, mkavu wa macho, kama aliyewazaa yeye. Dereva akajifanya hamnazo kuhusu ahadi ya kulipa.

"Ngazi nyingi huko, zitakuumiza miguu," akasema. "Tushikie mikoba."

"Si kuna lifti?"

"Inajaa hiyo."

"Dada, na kofia yangu tafadhali," mke mdogo akaongezea.

Mama Pacha akajikaza kisabuni, akakaa kwenye benchi. Kule juu watu wakapunga mikono. Hakujua wepi ni wake, akapunga tu.

Kwenye jumba la samaki, yale yale. Safari hii sababu ilikuwa baridi ya ndani. Pacha walitoka wakigombania kumsimulia habari za papa. "Vizuri," akasema, kwa sauti kavu hadi mmoja wao akanyamaza.

Mlinzi wa bustani ya wanyama hakuwa mtu wa kupitisha mambo juu juu. Akaitazama tikiti, akawatazama wanawake.

"Hapa mama ni mmoja. Nani?"

"Mimi," wakajibu wote wawili.

Foleni ikaangua kicheko. "Bwana mkubwa, umeyataka mwenyewe!" mtu akapaza sauti.

Dereva akafungua mdomo. Mlinzi akamnyanyulia kiganja, akawainamia pacha.

"Niambieni nyinyi. Mama yenu yupi?"

Mama Pacha akatazama chini. Baba yao ndiye mwenye aiskrimu na viatu vya taa. Yeye alikuwa na uji na makaripio.

"Huyu mwenye mikoba," wakasema kwa pamoja.

"Na yule?"

"Mke wa baba."

Mama Pacha akaishusha mikoba, mmoja mmoja, miguuni pa dereva. Kofia akaiweka juu yake. Kisha akapita. Mke mdogo akaenda kupanga foleni ya tikiti, amevuta mdomo.

Dereva aliwafikia kwenye uzio wa twiga, anahema, mikoba imemwelemea.

"Umeniaibisha mbele ya watu. Umeridhika sasa?"

"Bado. Simba sijamwona."

Akawashika pacha mikono, mmoja huku, mmoja huku, akawauliza njia.