Mheshimiwa Amekikataa Kituo Chetu cha Afya

Jamani, leo hapa mtaani kwetu Bwaise nimeona mheshimiwa akikimbia huduma aliyokuja kuisifu.

Alikuja kututangazia bima ya afya ya serikali. Akasimama jukwaani mbele ya kituo chetu cha afya, akasema tukubali kukatwa mishahara, maana huduma ya hapa sasa ni safi kabisa.

Jirani yangu Mama Achan, mjane wa askari, akamuuliza, "Mheshimiwa, dawa ziko wapi? Hapa hata glavu tunanunua wenyewe."

"Mama, acha siasa!"

Wapambe wake wakacheka. Eti siasa!

Akashuka jukwaani kwa maringo. Mvua ilikuwa imenyesha, mnajua Bwaise yetu na matope yake. Akateleza, puu, mtaroni!

Mkono ukavimba palepale. Sisi wajinga wenye huruma tukambeba hadi mlangoni mwa kituo.

Mtu mzima akapiga ukelele: "Si hapa! Mnataka kuniua? Nipelekeni hospitali!"

Wapambe wakatazama chini.

Tukampakia kwenye gari lake. Mama Achan akainama dirishani, akamwambia kwa upole, "Pole, mheshimiwa. Sisi tunatibiwa hapa hapa."

Mheshimiwa akapandisha kioo.

Nyinyi mngemwambia nini?