Mkalimani Anayetafuta Salamu ya Mama Yake

Saa tatu asubuhi, baridi ya Nyeri bado imekaa kwenye vioo vya madirisha ya mahakama. Theuri Kingori amesimama kando ya kizimba, mikono nyuma, akimsubiri konstebo Khisa amalize sentensi. Khisa, mzaliwa wa Bungoma, anatoa ushahidi kwa Kiswahili kuhusu magunia ya kahawa yaliyoibwa kiwandani. Theuri anayapokea maneno yake na kumkabidhi hakimu kwa Kiingereza, bila kuyatia chumvi.

Kisha anaitwa shahidi wa pili, ajuza aitwaye Wangechi, ambaye hajui lugha nyingine ila Kikuyu. Hapo Theuri anafunga kifungo cha koti, anashuka na kukaa kwenye benchi la nyuma. Karani mwenzake, Ngendo, anapanda kuchukua nafasi yake.

Mgeni angedhani Theuri ni mtu wa kuja. La hasha. Alizaliwa upande wa Karatina, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa mkalimani wa Kikuyu aliyetegemewa kuliko wote mahakamani hapa. Leo, mwaka huu wa 1987, Kikuyu hakimtoki kinywani.

"Nasikia yote," anasema wakati wa mapumziko, akipuliza chai. "Yule mama akiongea naelewa mpaka mzaha wake. Lakini nikitaka kujibu napata Kiswahili. Nikitafuta tena napata Kiingereza. Ile ya nyumbani haiji."

Mambo yalianza miaka mitatu iliyopita. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka, kisha maneno yakawa yanampotea katikati ya ushahidi, na siku moja akaanguka kifafa mbele ya hakimu. Wapo waliosema amerogwa na mtu aliyefungwa. Wengine walisema kichwa kimoja hakikuumbiwa lugha tatu. Huko Nairobi alipigwa picha kwa mashine mpya inayoonyesha ubongo, ukaonekana uvimbe upande wa kushoto, mkubwa kama kokwa la parachichi.

Daktari wa upasuaji wa ubongo hakumficha. Alimweleza kwamba uvimbe umekaa jirani na sehemu inayomwezesha mtu kusema. Usipotolewa utamuua, na ukitolewa huenda akaamka bubu. Theuri alitia sahihi.

"Nilijiambia afadhali niishi bila maneno, kuliko watu waje kusema maneno juu ya kaburi langu," anasema.

Upasuaji ulifaulu na kifafa kikaisha. Alipoamka, mkewe Kasyoka, muuguzi kutoka Machakos, alimwuliza kama anamjua. Alimjibu kwa Kiswahili kwamba anamjua na kwamba ana njaa. Kiswahili ndicho walichokuwa wakiongea nyumbani kwao tangu waoane, yeye Mkikuyu na mkewe Mkamba. Kasyoka alilia kwa furaha.

Siku chache baadaye akaja mama yake, Wacera, na uji mkali ndani ya kibuyu. Hapa inafaa msomaji ajue jambo moja. Theuri ni mwana wa pili, na kama desturi inavyotaka, alipewa jina la babake Wacera. Kwa hiyo kwa mama huyu yeye si mwana tu, ni baba aliyerudi. Ndiyo maana humsalimu, "Wakia awa," yaani salamu kwako baba. Naye tangu utotoni alikuwa akimjibu, "Wakia maitu," salamu kwako mama.

Wacera akasalimu. Theuri akafungua kinywa, likatoka hili: "Habari ya safari, mama?"

Mama akacheka, akidhani mwanawe anajionyesha mbele ya madaktari. Akangoja salamu yenyewe. Anaingoja mpaka leo.

Kasyoka ndiye aliyempelekea daktari swali la mama mkwe wake, na hajalisahau. "Alisema, 'Muulize, hiyo kitu walitoa kwa kichwa, waliangalia vizuri kama hawakutoa na lugha yangu? Kama wako nayo, wanirudishie.'"

Daktari hakucheka. Alijibu kwamba lugha haikutolewa, imefungiwa ndani na jeraha. Wapo wanaorudiwa na lugha waliyopoteza na wapo wasiorudiwa, na yeye hawezi kuahidi.

Kijijini hawakuelewa. Mwacha mila ni mtumwa, walisema, ati korti imemtia kiburi, sasa anamsemesha mamake Kiswahili kama askari wa kodi. Maneno hayo yalimchoma Theuri hadi akaacha kwenda kanisani huko kwa muda. Wangejua kwamba mila ndiyo iliyomwacha yeye, wangefunga midomo.

Na dunia haiishi vituko. Wacera ndiye aliyeipinga ndoa hii, akiuliza yeye na huyo msichana wa Ukambani wataongea kwa lugha gani, ya mikono? Kasyoka alijifunza Kikuyu jikoni mwa mama mkwe na sokoni Karatina, akichekwa kila alipofungua mdomo. Leo ni yeye anayekaa katikati ya Mkikuyu na mama yake, akiyapeleka maneno ya mume.

"Kuna vitu mama anataka kuambia mtoto wake peke yake," anasema Kasyoka. "Anaanza, ananiangalia, ananyamaza. Mimi najua ni kwa sababu niko hapo. Hii kazi nataka nifutwe."

Mwaka jana mlango ulifunguka kidogo. Theuri alikuwa akimsaidia mamake kukamua, ng'ombe akaipiga ndoo teke, maziwa yote yakamwagika. Tusi likamtoka Theuri kwa Kikuyu safi, tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Wacera aliketi chini akacheka huku machozi yakimtiririka, kisha akazunguka kwa majirani kuwatangazia kwamba mwanawe amemtukana ng'ombe wake.

Walipokwenda kliniki, daktari aliwaeleza kuwa maneno yanayotoka bila kufikiriwa hupita njia nyingine kichwani. Wacera akalishika hilo. Tangu siku hiyo humvizia mwanawe. Ana miaka sabini na kitu na miguu imemvimba, lakini hujificha kwenye migomba au mlangoni mwa zizi, amrushie salamu ghafla ili jibu lichomoke kabla Theuri hajalifikiria.

Jumapili, mwandishi wa makala haya anafuatana nao kijijini. Theuri anapanda njia ya boma akitazama mbele. Kitambaa chekundu cha Wacera kinaonekana wazi nyuma ya ghala la mahindi, hata kuku wanajua aliko.

"Nikimwona nimeharibu," Theuri ananong'ona.

"Wakia awa!"

Midomo inafunguka, na hakitoki kitu. Kasyoka, kwa mazoea, anaanza kumjibia. Mama mkwe anainua mkono, na Kasyoka anatafsiri hata hilo. "Anasema ninyamaze. Hii si ya kutafsiriwa."

Baada ya mlo wa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, Wacera anaulizwa anachotaka hasa. Anajibu taratibu, na Kasyoka anamfuata. "Baba yangu alikufa nikiwa mbali, hakuniaga. Nikapewa huyu ndio aniitikie. Wengine wananiita mama kila siku na nashukuru. Lakini nataka huyu aniitikie kabla sijalala."

Theuri hajakata tamaa. Kila asubuhi kabla ya kesi, Ngendo humsemesha Kikuyu katika chumba cha makarani. Majina ya miti yamerudi, na ya vyombo vya jikoni. Hakimu amemwambia kwamba siku atakapokuwa tayari, nafasi yake kando ya kizimba ipo.

"Korti inaweza kungoja," anasema. "Mama hawezi."

Jioni wanaagana. Theuri anatangulia langoni na kuanza kuhangaika na waya uliopinda, akiwa ameipa nyumba mgongo, mawazo yakiwa kwenye waya. Nyuma yake, bila kupaza sauti, mama anasema, "Wakia awa."

"Wakia," anajibu Theuri.

Waya unamponyoka. Anageuka. Analitafuta neno la pili, midomo inakutana kulianza, inatetemeka, inaachana. Anajaribu tena. Halitoki.

Wacera anakuja akikokota miguu, anaweka kiganja juu ya kifua cha mwanawe, na kusema kitu kwa sauti ya chini. Kasyoka anasita, kisha anakitafsiri.

"Anasema nusu imefika. Hiyo ingine, ile ya kumwita mama, uje nayo Jumapili."